Neno la Mwamuzi na Dhamiri ya Nahodha

Je, mtu aliyeonewa na mwamuzi ana wajibu wa kumtii? Na mtu aliyepewa na mwamuzi kitu kisicho chake, yeye ana wajibu gani? Swali la kwanza huulizwa kila juma, tena kwa sauti kubwa, popote penye mpira. La pili ni nadra sana kuulizwa. Sisi twaona kwamba hilo la pili ndilo zito zaidi, na hapa tutajaribu kueleza sababu yake.

Tuanze na jambo ambalo wasomaji wengi hawajalisahau. Tarehe 5 Aprili 2024, mjini Pretoria, Afrika Kusini, Yanga walicheza na Mamelodi Sundowns mechi ya pili ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Mechi ya kwanza, iliyochezwa Dar es Salaam tarehe 30 Machi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ilikuwa imekwisha bila bao. Katika kipindi cha pili kule Pretoria, Stephane Aziz Ki alipiga mkwaju mkali kutoka mbali. Mpira ukagonga upande wa chini wa mtambaa panya, ukadunda penye mstari wa goli, ukarudi uwanjani. Yanga wakasema limeingia; mwamuzi akasema halikuingia. Zikatazamwa picha za video, na neno likabaki lile lile. Dakika zote zikaisha bila bao, na Sundowns wakashinda kwa penalti 3 kwa 2.

Katika kisiwa cha Mafia, kama katika nchi nzima, jambo hilo halikuisha usiku ule. Mafia haina timu ya Ligi Kuu. Watu wa Kilindoni, Kirongwe na Utende huiona mipira mikubwa katika vile vibanda vya televisheni ambavyo vijana huviita vibanda umiza, wamekaa bega kwa bega juu ya mabenchi, shabiki wa Yanga huku na wa Simba huku. Mechi ikiisha, kesi huhamia barazani. Kutoka barazani huenda pwani kwa wanaotia kalafati vyombo vyao. Kutoka pwani hupanda boti hadi Nyamisati. Na jinsi ilivyozidi kusafiri, ndivyo kesi ile ilivyobadilika. Watu waliacha kuuliza kama mpira ulivuka mstari. Wakauliza jambo la ndani zaidi: ikiwa mwamuzi amekosea, na kila mtu ameona kwamba amekosea, yatupasaje kumtii?

Hapo watu hugawanyika pande mbili. Wa kwanza husema: neno la mwamuzi ni sheria, likisha kutoka, nyamaza. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wa pili husema: dhuluma haitiiwi, timu iliyonyang'anywa bao lake ingeondoka uwanjani, iwaachie waamuzi mchezo wao. Kila upande una sehemu ya ukweli mkononi, na kila upande umeacha sehemu nyingine ianguke chini.

Tuwasikilize kwanza wale wanaotaka utii. Sheria ya 5 ya mpira wa miguu yasema kwamba maamuzi ya mwamuzi juu ya mambo yaliyotokea mchezoni, pamoja na kama bao limeingia au halikuingia, ni ya mwisho. Walioiandika hawakudhani kwamba waamuzi ni malaika. Walijua kwamba mtu mmoja, mwenye macho mawili, akikimbia huku na huku kwa dakika 90, hana budi kukosea. Wakaandika hivyo kwa sababu mashindano yasiyo na neno la mwisho hayana mwisho. Watu 22 wakiwa na haki sawa ya kuamua bao, hakuna bao litakalohesabiwa kamwe. Wazee wa pwani walikwisha kuliona hilo zamani waliposema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo kikiwa katikati ya mkondo kati ya Mafia na Rufiji, na bahari imechafuka, si wakati wa mabaharia kupiga kura juu ya tanga. Nahodha aweza kukosea. Lakini chombo chenye amri kumi hupotea hata kama moja kati ya hizo kumi ilikuwa sahihi.

Nasi Watanzania tumekwisha kuonja matunda ya kutokuwa na neno la mwisho. Tarehe 8 Mei 2021 Simba na Yanga walikuwa wakutane Dar es Salaam saa 11 jioni. Siku ile ile ikatangazwa kwamba mechi itaanza saa 1 usiku. Yanga wakashika saa ya kwanza, wakaingia uwanjani, wakaondoka. Simba wakashika saa ya pili. Mechi haikuchezwa hadi tarehe 3 Julai. Miaka minne baadaye zamu ikageuka. Tarehe 8 Machi 2025 Yanga na Simba walikuwa wakutane tena. Simba wakasema usiku uliotangulia walizuiwa kufanya mazoezi katika uwanja wa mechi, na kwa hiyo hawatacheza. Mechi ikaahirishwa, ikachezwa tarehe 25 Juni.

Hatuandiki haya ili kuamua nani alikuwa na haki katika mwaka upi. Kila klabu ilikuwa na hoja yake na kanuni yake ya kuonyesha. Twataka msomaji aangalie jambo jingine, nalo ni maneno ya mashabiki. Mwaka 2021 shabiki wa Yanga alisema kwamba timu iliyoonewa ina haki ya kukataa kucheza, na shabiki wa Simba akasema kwamba mamlaka ya mchezo hayana budi kutiiwa. Mwaka 2025 hoja hizo hizo zilisikika tena, neno kwa neno, ila zilikuwa zimebadilishana vinywa. Mtu aliyeihubiri haki ya kukataa sasa alihubiri utii, na aliyehubiri utii sasa alihubiri haki ya kukataa. Wachache sana walisema neno moja katika miaka yote miwili. Na wakati huo huo, mtu aliyetoka Mafia, akavuka bahari hadi Nyamisati, akapanda gari hadi Dar es Salaam kwa fedha aliyoitafuta kwa jasho, alirudi kwao bila kuona mpira.

Sasa tuwasikilize wale wa upande wa pili, maana nao wana neno. Wao waogopa kwamba tukisema uamuzi ni wa mwisho, tutakuwa tumesema pia kwamba uamuzi ni wa kweli. Hofu yao ni halali. Neno "mwisho" na neno "kweli" ni mawili, wala hayana undugu wa lazima. Uamuzi uliokosea unapotiiwa, haugeuki kuwa sahihi, umetiiwa tu. Mwenye kutii hana wajibu wa kusema uongo na kudai kwamba ameridhika.

Kwa kulionyesha hilo twaomba ruhusa ya kuuacha kidogo mpira wa miguu, twende kwenye kriketi. Wengi wetu hatuuchezi mchezo huo, lakini si mgeni kabisa katika pwani yetu. Waingereza na Wahindi waliucheza katika miji yetu tangu zamani, na mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilipochezwa Uingereza, timu ya Afrika Mashariki ilikuwako, na Watanzania walikuwamo ndani yake. Ilishindwa mechi zote tatu, lakini ilicheza. Twauchagua mchezo huo kwa sababu moja: humo kazi ya mwamuzi na kazi ya nahodha zimetengwa waziwazi kuliko katika mchezo mwingine wowote. Mechi zake kubwa, ziitwazo Test, huchukua siku 5, basi watazamaji wana muda mrefu wa kubishana juu ya kila uamuzi na kila amri ya nahodha.

Tarehe 20 Agosti 2006, katika uwanja wa The Oval jijini London, Uingereza walikuwa wakicheza Test na Pakistani. Waamuzi waliutazama mpira, wakaona umeharibika kwa namna isiyo ya kawaida, wakasema Wapakistani wameukwaruza makusudi ili upinde hewani. Wakawaongezea Waingereza mikimbio 5 na kuubadilisha mpira. Kwa Wapakistani hilo lilikuwa tusi, maana waliitwa wadanganyifu mbele ya dunia nzima. Baada ya mapumziko ya chai, nahodha wao Inzamam-ul-Haq alikaa chumbani na timu yake, hawakutoka. Waamuzi wakaingia uwanjani, wakangoja, kisha wakatangaza kwamba Pakistani wameuacha mchezo na Uingereza wameshinda. Jambo kama hilo halikuwa limetokea kamwe katika historia ya Test.

Mwezi uliofuata kesi ikasikilizwa, nayo ilitoa hukumu mbili. Kwanza, nahodha hakuonekana na hatia ya kuuharibu mpira; ushahidi haukutosha. Pili, alionekana na hatia ya kuuvunjia mchezo heshima kwa kukataa kutoka chumbani, akafungiwa mechi 4 za siku moja. Msomaji na azitafakari hukumu hizo mbili pamoja. Mtu yule yule, siku ile ile, alikuwa mwenye haki juu ya mpira na mwenye kosa juu ya kukataa. Kuonewa kwake hakukumpa ruhusa ya kuuvunja mchezo, na kosa lake la kuuvunja mchezo halikumfanya kuwa mdanganyifu. Wenye mchezo wao wenyewe walitapatapa: mwaka 2008 wakageuza matokeo yawe sare, na Februari 2009 wakayarudisha yalivyokuwa, Uingereza wameshinda. Hata hivyo zile hukumu mbili zatufundisha kwamba malalamiko yana njia yake na wakati wake. Njia hiyo ni mbele ya wenye mamlaka, kwa ushahidi; wakati wake ni baada ya mchezo.

Na hapa hatuna budi kuwasifu wachezaji wa Yanga. Kule Pretoria waliamini kwamba bao lao limekataliwa kwa kuonewa, wakalia, wakamzunguka mwamuzi, kisha wakacheza hadi penalti ya mwisho. Waliipoteza mechi, lakini hawakuongeza hasara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Wengine watatuambia kwamba mashine zitayamaliza haya yote. Je, ni kweli? Kriketi ilianza kutumia rasmi msaada wa picha na kompyuta katika Test mwaka 2009, kabla ya mpira wa miguu. Manahodha wakapewa haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya, na makosa mengi ya wazi yamesahihishwa. Ni jambo jema. Hata hivyo, mashine inapokisia mpira ungepita wapi na jibu likawa karibu mno na mpaka, kanuni yao husema kwamba neno la kwanza la mwamuzi libaki. Yaani mashine, ikifika mwisho wa elimu yake, humrudishia mtu kazi. Na kule Pretoria picha zilikuwapo, zikatazamwa na waamuzi, zikatazamwa na sisi sote, na ubishi ukabaki. Kioo hukuonyesha uso. Hakikupi moyo wa kuupokea unachokiona.

Basi tumefika kwenye swali letu la pili. Mpaka hapa tumesema juu ya yule aliyeonewa. Lakini katika kila uamuzi uliokosea wako watu wawili: yupo aliyenyang'anywa, na yupo aliyepewa. Kelele zote hutoka kwa wa kwanza. Wa pili huinama, hufunga kamba za viatu vyake, akaendelea na mchezo. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kriketi ina desturi ambayo mpira wa miguu hauna. Humo mwamuzi hamtoi mpigaji mpaka wapinzani wake wamwulize, "Je, huyu ametoka?" Na kwa kuwa wao ndio walioomba, sheria humruhusu nahodha wao, kwa idhini ya mwamuzi, kulifuta ombi. Hivyo nahodha ana uwezo wa kuusahihisha uamuzi uliokosea kwa faida yake, na akinyamaza hawezi kusema kwamba hakuwa na la kufanya.

Mwezi Februari 1980, mjini Bombay, India walikuwa wakicheza na Uingereza mechi maalumu ya kuadhimisha miaka 50 ya chama cha kriketi cha India. Nahodha wa India siku hizo alikuwa Gundappa Viswanath. Waingereza walikuwa taabuni: wapigaji wao 5 walikuwa wamekwisha kutolewa kwa mikimbio 58 tu. Ndipo mwamuzi alipomtoa Bob Taylor, akisema mpira umegusa gongo lake ukadakwa nyuma. Taylor akasitasita, maana alijua haukumgusa. Viswanath, aliyekuwa amesimama karibu, naye aliamini haukumgusa. Akamwendea mwamuzi, akamwomba mpigaji arudishwe. Taylor akarudi. Yeye na Ian Botham wakakaa pamoja wakaongeza mikimbio 171, na mwishoni Uingereza wakashinda bila kupoteza mpigaji hata mmoja katika zamu ya pili.

Tusilipambe jambo hilo. Wema wa Viswanath haukumletea ushindi. Ulisaidia kumletea kushindwa, nyumbani kwake, mbele ya watu wake, siku ya sherehe yao. Wala hakuwa nahodha wa India katika Test zaidi ya mbili maishani mwake. Anayetafuta hadithi ya mwema aliyelipwa papo hapo atafute kwingine. Sisi twaitaja kwa sababu hii hasa, kwamba haki aliyoitenda ilikuwa na gharama, naye aliilipa.

Wala si nahodha peke yake awezaye kufanya hivyo. Tarehe 18 Machi 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, ambako jirani zetu wa Kenya nao walikuwa wamefika nusu fainali nyingine, Adam Gilchrist wa Australia aliupiga mpira ukagusa gongo lake kidogo na kudakwa. Wasri Lanka wakaomba, mwamuzi akatikisa kichwa kukataa. Gilchrist alikuwa huru kubaki, na hakuna sheria ambayo ingemgusa. Akaliweka gongo kwapani, akaondoka mwenyewe. Siku hiyo timu yake ilishinda. Lakini alipokuwa akitembea kuelekea nje hakujua kwamba itashinda, na hapo ndipo uzito wa tendo lake ulipo.

Sasa yapo mapingamizi, na lililo zito kuliko yote ni hili. Mtu atasema: "Nahodha hachezi kwa ajili yake mwenyewe. Amekabidhiwa jasho la wenzake kumi, na matumaini ya maelfu. Kutoa sadaka kilicho changu ni wema. Lakini kutoa sadaka kilicho cha wenzangu ni wizi. Viswanath alipata wapi ruhusa ya kuutoa ushindi wa Wahindi?" Hoja hii si ya kupuuzwa. Twamheshimu anayeileta, kwa kuwa anajua maana ya amana.

Jibu lake twaweza kulitafuta Mafia kwenyewe. Neno nahodha lilikuwa la bahari kabla halijawa la uwanja. Asili yake ni ya Kiajemi, nayo maana yake ni bwana wa chombo. Nahodha wa jahazi lipakialo nazi na samaki wakavu kwenda bara amekabidhiwa mali ya watu. Lazima ailinde, na akiitupa baharini bila sababu atajibu. Lakini tuseme amefika bandarini akakuta magunia mawili yaliyopakiwa chomboni mwake kwa makosa, nayo ni ya mtu mwingine. Je, aweza kusema, "Siwezi kuyarudisha, maana nimeaminiwa na wenye mali wangu niwaletee faida"? Hata mtoto atamcheka. Magunia yale hayakuwa sehemu ya amana yake tangu mwanzo, kwa hiyo akiyarudisha hajawanyang'anya watu wake kitu. Vivyo hivyo ushindi unaotokana na kosa la mwamuzi, ikiwa nahodha analijua kosa hilo kwa hakika, haukuwa wa timu yake kamwe. Hutoi sadaka kitu usichokuwa nacho. Wakirudisha kwa mwenyewe.

Yako mapingamizi ya pili: "Basi nahodha na awe mwamuzi wa pili, apime kila uamuzi?" La, hasha. Tulikwisha kusema kwamba manahodha wengi huupeleka chombo mrama, nasi hatulirudii nyuma neno letu. Wajibu tunaousema una mipaka mitatu. Mtu awe anajua, si kudhani tu. Mwenye shaka na amwachie mwamuzi. Pili, liwe ni kosa kweli, si faida iliyopatikana kwa uangalifu wetu na uzembe wa mwenzetu. Tarehe 2 Julai 2023, kule Lord's, London, Jonny Bairstow wa Uingereza alitoka nje ya mstari wake akidhani mchezo umesimama, na mdakaji wa Australia akaurusha mpira kwenye vijiti, akatolewa. Uwanja ulizomea, na wengi wakamtaka nahodha Pat Cummins alifute ombi. Hakulifuta. Watu wema wamebishana tangu siku ile, na sisi twaona kwamba hawezi kuitwa mdhalimu: mwamuzi hakukosea, na sheria ilikuwa wazi kwa wote wawili. Angemrudisha, ingekuwa hisani. Na hisani hailazimishwi. Mpaka wa tatu ni kwamba anayesahihisha ni yule anayepoteza kwa kusahihisha. Anayemwendea mwamuzi kusahihisha kwa faida yake mwenyewe ni mlalamikaji kama walalamikaji wengine, na angoje njia ya walalamikaji.

Baada ya nahodha, tumgeukie shabiki, maana wengi wetu ndio sisi. Shabiki hawezi kufuta bao wala kulirudisha. Ana ulimi tu, nao una kazi mbili. Ya kwanza ni kutomwita mwamuzi mla rushwa kwa sababu tu amekosea. Tunajua kwamba waamuzi wala rushwa wapo. Mwaka 2018 mwamuzi msaidizi wa Kenya aliyekuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia kule Urusi hakwenda tena, baada ya kuonyeshwa picha zilizochukuliwa kwa siri ambamo alionekana akipokea fedha. Lakini tazama: aliyemfichua alileta picha. Hakuleta hasira. Mtu anayetangaza barazani kwamba refa amenunuliwa, na ukimwuliza shahidi wake ni nani asema, "Si umeona mwenyewe alivyotunyima penalti?" huyo amechukua jina jema la mtu mwingine bila malipo. Jina likiisha kuchafuliwa halioshwi na marudiano ya mechi.

Kazi ya pili ya ulimi ni ngumu zaidi, nayo ni kusema kweli tunapopendelewa. Ni mara ngapi tumemsikia mtu, timu yake ikipewa penalti isiyo halali, akisema mbele ya wenzake, "Ile haikuwa penalti"? Akisema hivyo huitwa msaliti. Lakini huyo peke yake ndiye tuwezaye kumwamini siku atakapolia kwamba ameonewa. Mwingine akilia, twajua tu kwamba ameshindwa.

Labda msomaji ataona kwamba tumeupa mpira uzito usio wake. Hebu na atazame mahali kama Mafia, ambako watu wote hujuana. Kijana anayebishana leo juu ya mstari wa goli, kesho ataitwa na wazee kuamua juu ya mstari wa shamba la minazi. Ataketi katika baraza la wavuvi, wakati nyavu za watu wawili zimegongana na kila mmoja asema mwenzake alitega juu yake. Atagawa urithi wa baba yake kati ya ndugu na dada. Katika mambo hayo yote atakuwa ama mwamuzi, ama mwenye kuonewa, ama mwenye kupendelewa. Ikiwa miaka ishirini kibandani imemfundisha kwamba uamuzi mzuri ni ule unaompa yeye, na mwamuzi mbaya ni yule anayemnyima, atayapeleka mafundisho hayo shambani na baharini na katika nyumba ya marehemu baba yake. Na siku hiyo hakuna kipenga kitakachopulizwa.

Kwa hiyo twawaambia wazazi neno moja. Mtoto akija nyumbani akilia kwamba amenyimwa bao lake, mfarijini, na kumfundisha atii, kisha aende kumweleza mwalimu wake kwa adabu. Hilo wengi wenu mnalifanya. Lakini akija amefurahi, akisema, "Tumeshinda, na mpira uligusa mkono wangu, refa hakuona," msicheke naye. Mwulizeni ni nani aliyeshindwa siku hiyo, na kama amemwambia. Muuza duka akimrudishia chenji zaidi, mtumeni airudishe kabla ya jua kuzama. Ukuta wa jirani ukiingia kwenu hatua moja, mtalalamika. Ukuta wenu ukiingia kwake hatua moja, na mtoto awaone mkiubomoa.

Kila mtu huipenda haki siku anapoihitaji, basi siku hiyo si kipimo. Ukitaka kujua kama mtu, au timu, au taifa, laipenda haki kweli, usimtazame siku mwamuzi alipomnyima. Mtazame siku mwamuzi alipokosea upande wake, uwanja wote ukashangilia, na yeye peke yake akajua.